Kipimo Kikisema Si Malaria

Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Beatrice Chipwaza waliwapima watoto zaidi ya 300 wenye homa, wa miaka 2 hadi 13, waliofika Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Waliokutwa na vimelea vya malaria hawakufika robo. Miongoni mwa wote waliopimwa kulikuwa na watoto wenye ishara za maambukizi ya dengue, chikungunya, brusela, homa ya mgunda na UTI. Lakini mahojiano waliyofanyiwa wanajamii na wahudumu wa afya yalionyesha mazoea yaliyoota mizizi: homa huchukuliwa kuwa malaria, na wapo walioandikiwa dawa yake hata kipimo kilipoikataa.

Ishara za hatari hazikufichika. Kipimo kinasema hakuna malaria, dozi inamalizwa, homa inarudi, viungo vinaendelea kuuma. Anayekunywa maziwa yasiyochemshwa alipaswa kufikiriwa kuwa na brusela, na anayeshinda kwenye majaruba ya mpunga, homa ya mgunda. Hatukuzingatia. Homa ya mgunda ilipoua watu wilayani Ruangwa mwaka 2022, wengi tuliipokea kama ugonjwa mgeni, ilhali ilishaonekana kwa watoto wa Kilosa.

Kosa hilohilo la kudhani kila ugonjwa ni malaria linawanyemelea wenye fibromialjia. Huu ni ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yanayodumu miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu, usahaulifu na usingizi usiomburudisha mtu. Damu haiuonyeshi, wala eksirei. Daktari huutambua kwa kumsikiliza mgonjwa, kumchunguza, na kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine unaoleta maumivu hayo. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa. Hata hivyo, mama wa Mikumi anayeamka kila siku akiumwa anaweza kutibiwa malaria leo, taifodi kesho, na mwishowe akaambiwa hana kitu, au amerogwa. Na ugonjwa usioandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, vya taarifa za huduma za afya, hauhesabiwi. Usiohesabiwa haupangiwi dawa wala mtaalamu.

Hakuna kati yetu aliye salama na kosa hili la kutibu kwa kudhani. Mwili unapouma usiku, duka la dawa liko karibu kuliko hospitali, na mimi na wewe tunaweza kujikwaa papo hapo.

Basi, ndugu zangu, tupime kwanza, na tuliheshimu jibu la kipimo. Ukiambiwa huna malaria, uliza kwa upole: sasa ni nini? Andika maumivu yalianza lini, yako wapi, na dawa gani umeshatumia. Yakizidi miezi 3, omba rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, na ikibidi ya mkoa, Morogoro. Nanyi wahudumu wetu, msimwambie mgonjwa hana kitu kwa sababu tu kipimo hakikuona kitu. Msikilizeni, kisha andikeni anachoumwa.