Saa Nne ya Sydney

Saa nne usiku wa Julai mjini Sydney, Mombasa ni saa tisa alasiri. Ndiyo maana simu ya mhamiaji haizimiki kitandani: macho yake yanataka kufumba, lakini nyumbani kungali mchana na habari za jamaa zinamiminika. Kumwita mraibu tu ni kumwonea. Anachokishikilia ni udugu.

Hata hivyo, saa ya kulala ndiyo iliyokuwa saa ya hadithi. Fanani alisema “Paukwa!”, hadhira ikajibu “Pakawa!”, ndipo hadithi ikaanza. Simu haingoji jibu. Hutusimulia mpaka tukajiona hatuna la kusimulia.

Tangu tarehe 10 Desemba 2025, sheria ya Australia inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Mtu mzima hana sheria ila hiari yake. Je, kuizima simu ni kuwatupa ndugu? La, iwapo saa hiyo atamtungia mtoto hadithi, hata ikichechemea. Imani ya mtunzi hairudi kwa kungoja kipaji, hurudi anapojibiwa “Pakawa!” na aliye kando yake. Na kesho, akiiwasha simu, atakuwa na cha kuwapelekea jamaa zake.