Sindano za Beni

Mtoto anaamka na homa. Mama anambeba mgongoni, anavuka mtaa na kuingia kwenye chumba kidogo wanachokiita tradi-moderne, mahali ambapo dawa za miti na sindano hutolewa na mkono uleule. Mganga anamgusa paji la uso, anasema ni malaria. Anachukua sindano iliyokwisha kumchoma mtoto mwingine. Glavu hana, na jina la mgonjwa haliandikwi popote.

Ndivyo Ebola ilivyowapata watoto wengi wa Beni, mashariki mwa Kongo (DRC), mwaka 2018. Walipelekwa kutibiwa malaria, wakarudi na ugonjwa ambao hawakwenda nao. Simnyooshei mama yeyote kidole. Homa ikimpanda mwanangu usiku wa manane, nami nitabisha mlango ulio karibu.

Dalili zilikuwepo. Huko Mangina, si mbali na Beni, watu walikuwa wakifa kabla ugonjwa haujatangazwa tarehe 1 Agosti. Mwezi Julai alifariki mama mmoja mzee, kisha jamaa zake wakaanza kumfuata. Wauguzi wa eneo hilo walikuwa wamegoma wakidai malipo yao, na taarifa zikachelewa kufika. Nyumba moja ikiweka matanga mara mbili, mara tatu kwa majuma machache, hapo ndipo pa kushtuka. Na Beni ilipoonekana kwamba watoto ni wengi miongoni mwa wagonjwa, swali la kwanza lilipaswa kuwa: walichomwa sindano wapi?

Ubaguzi wa watu wa mbali katika kugawa dawa tunaujua, na tuna haki ya kuulalamikia. Mwaka 2014 Dkt. Sheik Umar Khan wa Sierra Leone alikufa kwa Ebola huku dawa ya majaribio, ZMapp, ikiwa nchini humo humo; waliomtibu waliamua asipewe. Muda mfupi baadaye walipewa wamisionari wawili weupe, Wamarekani, waliougua Liberia. Watu wa Butembo, mji jirani na Beni, walipoitilia shaka Riposte, yaani kikosi cha serikali na mashirika kilichopambana na Ebola, walikuwa na kumbukumbu za aina hiyo.

Lakini safari hii dawa zilifika. Mojawapo, mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit, Kongo hiyo hiyo, mwaka 1995. Kati ya waliopewa mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, karibu 9 kati ya 10 walipona. Na siku hizo za mapema ndizo zilizopotelea kwenye vyumba vya sindano. Nje yalipita magari mapya ya Riposte. Ndani, muuguzi wetu hakuwa na glavu. Wahudumu wa afya 171 waliambukizwa.

Hata hivyo, kesi iliyovuma haikuwa ya glavu wala sindano; ilikuwa ya fedha. Machi 2020 aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, alihukumiwa miaka 5 ya kazi ngumu kwa kufuja fedha za Ebola. Kabla ugonjwa haujatangazwa kwisha, tarehe 25 Juni mwaka huo, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Ndugu msomaji, serikali tuidai mishahara ya wauguzi na glavu zao, tena kabla ya mlipuko. Nawe ukimpeleka mtoto, simama karibu. Pakiti ya sindano ichanwe mbele ya macho yako. Isipochanwa, mbebe mwanao mwende kwingine.