Ukimya wa Swichi

Kwenye misiba ya watu waliofia kazini kuna sentensi mbili ambazo hazikosekani: "Ajali haina kinga" na "Kazi ya Mungu haina makosa". Zinasemwa kwa nia njema. Mfiwa anahitaji kuliwazwa, hajaja kusikiliza ripoti ya uchunguzi. Lakini sentensi ya kuliwaza ikitoka msibani na kuingia kiwandani, inabadilika kazi yake. Inakuwa hukumu inayomwachia huru kila aliyehusika. Nataka kuuliza kama tuna haki ya kuitumia huko, na nitauliza kupitia kifaa kidogo ambacho wengi wetu hatujawahi kukifikiria: swichi ya kifuniko cha mashine ya kusaga plastiki.

Nyanda za Juu Kusini tunajulikana kwa mahindi, viazi, chai na mbao. Lakini ukipita Mwanjelwa jijini Mbeya, au Ipogolo mjini Iringa, utakutana pia na watu waliobeba viroba vya chupa tupu za maji na soda. Chupa hizo huuzwa kwa kilo, na safari yao huishia kwenye mashine inayozikatakata kuwa chenga. Mashine yenyewe ni rahisi kuielewa kwa mtu aliyekulia karibu na mashine ya unga. Ni ngoma ya chuma. Ndani yake kuna mhimili mzito wenye visu vinavyozunguka kwa kasi, visu vingine vimefungwa imara kwenye ukuta wa ngoma, na chini kuna chekeche. Plastiki inaingia kwa mdomo wa juu, inakatwa na kukatwa tena mpaka iwe ndogo ya kupita kwenye matundu.

Mara kwa mara inakwama. Mtu anafungua kifuniko ili aondoe kilichokwama, na hapo ndipo vidole hukaribiana na visu. Swichi imewekwa kwa ajili ya dakika hiyo. Kifuniko kikifunguka, inakata umeme wa mota. Kikiwa wazi, inazuia mota isiwake. Hata hivyo kukatika kwa umeme hakumaanishi visu vimesimama. Mhimili mzito unaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki ndani yake. Ndiyo maana baadhi ya mashine hizi hufungwa kifuniko kwa skrubu ndefu: ukimaliza kuizungusha mpaka itoke, visu vimekwisha kutulia. Nyingine zina komeo linalokataa kuachia mpaka mhimili usimame kabisa.

Wanaosafiri barabara kuu ya Mbeya hadi Dar es Salaam wanaijua kanuni iliyo nyuma ya swichi hii, hata kama hawaijui kwa jina. Kwenye malori makubwa, breki ya kuegesha na ya dharura hukazwa na springi. Upepo ndio unaoilegeza. Upepo ukivuja wote, springi inabana magurudumu. Waliobuni breki hiyo walijua kwamba ipo siku mpira utatoboka, wakataka siku hiyo gari ligome kuondoka, lisije likashuka Mlima Kitonga bila kizuizi. Kitu kikiharibika, kiharibike kuelekea upande wa usalama. Swichi nzuri ya kifuniko imefungwa kwa wazo hilohilo: waya wake ukikatika, mashine isiwake.

Wazo hilo ni zuri, lakini halifuniki kila ubovu. Sehemu za chuma zinazokutana kupitisha umeme zinaweza kugandana kwa joto. Vumbi la plastiki linaweza kushikilia kitufe cha swichi kisirudi. Kifuniko kinaweza kupinda kikaacha kuigusa. Na fundi anaweza kuwa aliunga waya mbili moja kwa moja siku swichi iliposumbua, akasema ataleta mpya wiki ijayo. Katika hali zote hizo mashine inafanya kazi vizuri kabisa. Inawaka na kuzimika kwa kitufe, na chenga zinatoka. Swichi nzima na swichi iliyokufa zinafanana: zote mbili ziko kimya.

Hapo ndipo swali la kimaadili linapoanzia. Mwenye kiwanda anaposema, "Tuna mwaka mzima hatujapata ajali," anasema kweli. Lakini kweli hiyo inahusu mikono, haihusu swichi. Inatuambia kwamba kwa mwaka mzima hakuna mkono uliofika mahali pabaya kwa wakati mbaya. Huenda swichi ilikufa mwezi wa pili. Siku mia tatu ambazo swichi haikuulizwa chochote haziwezi kuhesabiwa kuwa majibu mia tatu.

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, William Kingdon Clifford, alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini. Anatupa mfano wa mwenye meli anayejua kwamba chombo chake kimechakaa. Mtu huyu anazituliza shaka zake mwenyewe: meli imeshavuka bahari mara nyingi, na Mungu atawalinda abiria. Mwisho anaamini kwa moyo safi kwamba itafika salama, na meli inazama. Clifford anasema ana hatia, kwa sababu imani yake aliipata kwa kuziba masikio badala ya kukagua. Kisha anaongeza jambo gumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile. Bahati ingemficha tu asijulikane.

Wapo watakaoona Clifford amezidisha. Hatuwezi kukagua kila kitu. Tunapanda basi bila kulala chini ya basi kutazama breki. Ni kweli, na maisha yasingeenda bila kuaminiana. Lakini abiria anaamini kwa niaba ya nafsi yake. Mwenye mashine anaamini kwa niaba ya mkono wa mtu mwingine, naye ndiye aliye na nafasi ya kujua. Imani yake inalipiwa na mtu asiyeshirikishwa kuijenga.

Kuna jambo linaloifanya swichi isiyopimwa kuwa mbaya kuliko kukosa swichi. Kijana anayefanya kazi kwenye mashine isiyo na kinga yoyote anaviogopa visu. Anazima umeme ukutani, anasubiri, anatumia kijiti. Mwenzake mwenye mashine iliyo na swichi ameambiwa: ukifungua, itazimika. Ameambiwa hivyo na mtu, au na stika iliyobandikwa, au na umbo la mashine yenyewe. Amepewa ahadi, na kwa ahadi hiyo amepunguza woga wake. Kama hakuna anayejua kwamba ahadi bado ni ya kweli, basi kila asubuhi mtu anaambiwa neno ambalo msemaji wake hana hakika nalo. Kwa Kiswahili cha kawaida, huko ni karibu sana na kusema uongo.

Kupima hakuhitaji maabara. Mashine ikiwa tupu na watu wamekaa mbali, kifuniko kikiwa wazi, unabonyeza kitufe cha kuwasha: lazima igome. Kama haina komeo, ikiwa inazunguka tupu unalegeza kifuniko kidogo tu, visu vikiwa bado vimefunikwa, unasikiliza kama mota inakata, kisha unahesabu sekunde mpaka mhimili utulie. Ukifunga tena, isiwake yenyewe, isubiri kitufe. Na kama kuna vifuniko viwili, unapima kimoja kimoja. Ukivifungua vyote pamoja mashine itazimika hata kama swichi moja imekufa, kwa sababu iliyo nzima inaifichia mwenzake. Mwisho unaandika kwenye daftari: tarehe, jina, sekunde. Yote haya hayaondoi sharti la kuzima umeme ukutani na kufunga kwa kufuli kabla ya kuingiza mkono.

Dakika chache hizo zina gharama, na lazima tuseme nani anailipa. Mtu anayelipwa kwa kilo hupoteza kilo anapopima. Akiunga waya moja kwa moja, mara nyingi ni kwa sababu kila kusimama kwa mashine kunakatwa kwenye mfuko wake. Ni rahisi kumwita mzembe. Lakini aliyepanga malipo kwa namna inayofanya usalama uwe hasara kwa mfanyakazi ameshiriki kuunga waya ule, ingawa hakushika bisibisi. Anayetaka swichi zipimwe alipie muda wa kuzipima.

Sheria zetu zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ina jedwali linalopanga ulemavu kwa asilimia, kiungo kwa kiungo, vidole vikiwemo. Ni jedwali la lazima na la haki. Lakini linasomwa baada ya damu kukauka, na mkaguzi wa Serikali hawezi kuwepo kila asubuhi mashine inapowashwa.

Turudi basi kwenye ile sentensi ya msibani. Zipo ajali zisizo na kinga: mti unaoanguka usiku usio na upepo, mshipa unaopasuka kichwani. Hizo tuziachie methali. Lakini mkono uliokatwa chini ya kifuniko ambacho swichi yake haikupimwa kwa miezi sita hauna haki ya kuwekwa kwenye kundi hilo. Ulikuwa na kinga, na kinga ilikuwa na namna ya kuulizwa kama bado ni hai. Kabla hatujamtajia mtu huyo kazi ya Mungu, tuombe kwanza tuone daftari.