Digrii Iliyokataliwa na Mume Aliyenyamaza



Mnajua jinsi safari ya ng'ambo inavyoanza huku kwetu. Ukoo unakutana, harambee inafanywa, kipande cha shamba kinauzwa, na Jumuiya Ndogo Ndogo inafika nyumbani kusali rozari usiku ule wa mwisho. Anayeondoka ni mhandisi, au mwalimu, au mhasibu, na kila mtu pale anaamini kwamba cheti chake kitafungua mlango kule kama kilivyofungua hapa.

Mama mmoja ameniandikia. Mumewe alisomea uhandisi wa ujenzi hapa Kenya, akafanya kazi miaka tisa, akaenda Toronto. Kwa mwaka mmoja na nusu alimwambia mkewe kwamba yuko "kwenye kampuni". Kisha binamu aliyemtembelea akaleta habari: mhandisi anasafisha ofisi usiku, na mchana hulala katika chumba anachokaa na wanaume wengine wawili. Mama anauliza mambo mawili. Je, mume wangu ni mwongo? Je, nimwambie arudi?

Mama mpendwa, nitaanza na cheti, kwa sababu wana ndoa wengi hugombana juu ya jambo wasilolielewa. Mtu anayeomba kuhamia Kanada kama mtaalamu hupeleka masomo yake yakapimwe na shirika kama World Education Services. Jibu hurudi likisema digrii yake inalingana na ya Kanada, na karatasi hiyo hutumika kwa miaka 5. Familia hushangilia. Lakini karatasi hiyo ni ya idara ya uhamiaji. Haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi ya taaluma yake. Ruhusa hutolewa na chombo cha taaluma, tena cha kila mkoa. Huko Ontario mwalimu huenda kwa Ontario College of Teachers, na mhandisi huenda kwa Professional Engineers Ontario. Bila leseni yao hata kujiita mhandisi ni kosa la kisheria. Aliyesomea nje huweza kutakiwa kufanya mitihani zaidi. Kwa miaka mingi mhandisi alidaiwa pia awe kwanza amefanya kazi Kanada, na hapo ndipo watu walipokwama: leseni hupati bila kazi, na kazi hupati bila leseni. Chombo cha wahandisi wa Ontario kiliondoa sharti hilo mwaka 2023, na sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2026 inawakataza waajiri wa mkoa huo wenye wafanyakazi 25 au zaidi kudai uzoefu wa Kanada katika matangazo ya kazi. Hata hivyo, mwajiri anayesoma jina la chuo asichokijua anaweza kuliweka ombi hilo chini ya mengine yote, na hakuna askari atakayemwona.

Basi mumeo si mvivu, wala hakusahau masomo yake.

Je, ni mwongo? Alisema lisilo kweli, na hilo lina jina. Lakini tazama lilikotoka. Kijiji kizima kilichangia tiketi yake. Angewezaje kupiga simu na kusema kwamba mtu wao anashika ufagio? Akaona ni afadhali anyamaze. Kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba alikutoa wewe katika jambo lililokuwa lenu. Mbele ya altare mliahidiana kuwa pamoja katika neema na katika shida. Yeye alikuletea neema ya kubuni, na shida akala peke yake, usiku, katika ofisi za watu wengine. Umwambie hivyo. Kisha ujiulize kwa utulivu simu zenu za Jumapili zilihusu nini. Kama kila wiki ni karo, mabati, na wenzako wamekwisha jenga, mwanamume hupata shida kuona mahali pa kuingiza neno "nimeshindwa".

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, tunakutana na mume na mke, Akila na Prisila. Kaisari Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi kutoka Roma, nao wakafika Korintho wakiwa wageni. Walishona hema. Paulo alikaa kwao na kushona pamoja nao, Paulo yule aliyesoma sheria miguuni pa Gamalieli. Hatusikii kwamba kuna mtu sokoni Korintho aliyeulizia elimu hiyo. Na kila mahali Maandiko yanapomtaja Akila, yanamtaja na Prisila.

Papa Yohane Paulo II naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Kraków hadi Wajerumani walipokifunga mwaka 1939; akafanya kazi katika machimbo ya mawe, na baadaye katika kiwanda cha kemikali cha Solvay. Alipoandika waraka wake juu ya kazi, Laborem Exercens, mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Mikono yake ilikuwa imekwisha kujifunza hayo.

Lakini sipendi mahubiri yanayosema "kazi ni kazi" na kuishia hapo. Mtu aliyejifunza kujenga madaraja akizuiwa kuyajenga, kitu kimepotea, na ana haki ya kukililia. Mkilie pamoja. Baada ya hapo mketi, hata kama ni kwa simu, na kupanga.

Kwanza, je, anataka leseni? Kama anataka, kuna kazi ambayo ni yako, mama. Wapimaji wengi hukataa matokeo ya mitihani yaliyo mkononi mwa mwenyewe. Wanataka yatoke moja kwa moja chuoni. Yeye hawezi kupanga foleni kwa msajili akiwa Toronto. Wewe unaweza, na ofisi zetu mnazijua: karatasi huenda pale inapofuatwa. Wakati huo yeye atafute kazi za fani yake zisizodai leseni, kama kuchora ramani za majengo au kukadiria gharama za ujenzi, ili asisahau lugha ya kazi yake.

Pili, wekeni muda. Mwaka, miaka miwili, nyinyi mtaamua. Muda ukiisha bila leseni na bila njia ya kuishi pamoja, arudi. Mimi naona ndoa ya simu ya miaka kumi ni hasara kubwa kuliko tiketi ya harambee, na watoto wanaomjua baba kwa sauti tu watakubaliana nami.

Tatu, wazee waliochanga. Usingoje binamu awafikie. Mkubaliane na mumeo maneno, kisha uende mwenyewe, na kilo ya sukari mkononi, ukawaambie: anafanya usafi usiku, mchana anasomea mtihani, naye anawasalimu.