Riba ikibadilishwa jina inabaki nini?

Waingereza wana neno moja, "interest", ambalo sisi tunahitaji maneno manne kulifasiri. Mara ni hamu ya kujua jambo, mara ni maslahi, mara ni hisa katika mali, na mara ni riba. Nimekuwa nikijiuliza, imekuwaje riba ikapewa jina moja na mambo mazuri kama hayo?

Asili ya neno hilo ni Kilatini, na maana yake ni "kuwa kati", kisha "kuhusika". Anayehusika na jambo ana hamu nalo, ana maslahi nalo, ana hisa ndani yake. Riba iliingia kwa mlango wa nyuma. Zama hizo Kanisa huko Ulaya lilikataza riba, nayo ikiitwa kwa jina jingine. Baraza la Lateran la mwaka 1179 liliamua kwamba walaji riba wanaojulikana wasipewe mazishi ya Kikristo. Lakini wanasheria wakakubali kwamba mdaiwa akichelewa kulipa, mkopeshaji anastahili fidia ya hasara aliyoipata kwa kucheleweshwa. Fidia hiyo ndiyo iliyopewa jina hilo la "kuwa kati".

Ndugu msomaji, mchezo ukaanzia hapo. Nyongeza zikaanza kujificha ndani ya fidia. Mwaka 1545 sheria ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza iliruhusu nyongeza isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Ilifutwa mwaka 1552, ikarejeshwa mwaka 1571. Leo jina la zamani la aibu limebakia kwa riba iliyopindukia tu.

Je, kubadili jina kunabadili kitu? Nasema hapana. Neno letu riba, tulilolipata kwa Waarabu, linasema wazi kuwa ni nyongeza. Lakini tusijisifu. Mitaani kwetu kuna "ada ya huduma" na "faini ya kuchelewa". Kinamama wanaochukuliwa vitanda na majiko hawakudanganyika na majina hayo. Wao mikopo hiyo wanaiita "kausha damu".

Na wanaouza mikopo kwa majina ya Kiarabu nao wajue kwamba jina halihalalishi nyongeza. Qur'an (2:275) imetenganisha biashara na riba, haikutenganisha majina. Kwa hiyo anayetaka kukopa asiulize mkopo unaitwaje. Aulize: nikichelewa, deni litakua? Na hasara ikitokea, nani ataibeba?