Takrima na Amana ya Kura

Ndugu msomaji, mtu aendaye kununua dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, haridhiki na dagaa walio juu ya gunia. Huingiza mkono mpaka chini, akatoa konzi moja, akaangalia kama wamechanganyika na mchanga. Hata muuzaji akimkaribisha kwa chai na maneno matamu, mnunuzi mwenye busara hushukuru, hunywa chai, kisha huingiza mkono guniani. Wala hakuna amwonaye kuwa amekosa adabu, maana pengine fedha aliyonayo si yake peke yake; ametumwa na wenziwe, naye atatakiwa kuwajibu.

Basi kwa nini mtu huyo huyo, ufikapo wakati wa uchaguzi, hupokea kanga, kilo ya sukari au noti mbili tatu, akatoa kura yake bila ya kumchunguza aliyempa?

Wako wanaojibu kwa methali: mkono mtupu haulambwi. Husema kwamba kukirimu ni desturi yetu, na kukataa cha mtu ni kumvunjia heshima. Hoja hii haikuishia barazani, bali iliingia hata katika sheria ya nchi. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985, iliyotumika hadi nafasi yake ilipochukuliwa na sheria mpya mwaka 2024, ilikataza kumvuta mpiga kura kwa vyakula, vinywaji na zawadi. Lakini mwaka 2000 kifungu cha 119 kiliongezewa maneno yaliyosema kwamba jambo lifanywalo kwa nia njema, kwa ukarimu wa kawaida au wa jadi, halihesabiwi kuwa kosa. Hiyo ndiyo iliyoitwa takrima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili wakafungua shauri, na mwezi wa Aprili 2006 Mahakama Kuu ikayabatilisha maneno hayo, kwa kuwa yalimpendelea mgombea tajiri juu ya mgombea maskini na kuvunja usawa uliowekwa na Katiba. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayoweka mipaka ya matumizi ya vyama na wagombea na kuwadai hesabu.

Hata hivyo, sheria haiwezi kusimama usiku katika kila mlango. Yatupasa tuwe na kipimo ndani ya nafsi zetu, na kipimo hicho tulipewa zamani. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alimtuma mtu wa kabila la Azdi kukusanya zaka. Aliporudi, akatenga sehemu moja kuwa ya Waislamu, na nyingine akasema kwamba yeye amezawadiwa. Mtukufu Mtume s.a.w. akapanda mimbari na kuuliza, kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama angeletewa zawadi hiyo?

Geuza swali hilo, ndugu msomaji, umwulize mgombea: kama usingegombea, je, ungalibisha hodi hapa na sukari hii? Aliyekuwa akiwasaidia jirani zake miaka yote isiyo ya uchaguzi, huyo ni karimu. Lakini ambaye ukarimu wake huamka pamoja na kampeni na kulala pamoja na matokeo, huyo hakukirimu mtu, amenunua.

Labda utasema: mama mwenye njaa akipokea, kisha akampigia mwingine, ana kosa gani? Kwanza yafaa ieleweke kwamba dhambi ya anayeigeuza njaa ya mwenziwe kuwa mtaji wake ni kubwa kuliko ya mwenye njaa. Lakini kupokea bei ya kitu usichokusudia kukitoa ni hadaa, na hadaa haisafishwi na hadaa ya mwingine. Basi lililo bora ni kukataa. Na aliyekwisha kupokea asidhani kwamba ana deni: atubu, kisha apige kura kwa haki, maana ahadi ya kuuza kisicho chako haifungi.

Naam, kura si mali yako. Kurani Tukufu (4:59) yatuamuru tuzifikishe amana kwa wanaozistahili, na uongozi wa watu ni amana kubwa. Tena Mtukufu Mtume s.a.w. aliwataja miongoni mwa wale ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama mtu ampaye kiongozi kiapo cha utii kwa ajili ya dunia tu, akipewa hutimiza, asipopewa huvunja. Kwa sababu hiyo, katika chaguzi za Jumuiya yetu hairuhusiwi mtu kujipendekeza wala kumpigia mtu kampeni. Katika chaguzi za nchi, sheria inamruhusu mgombea kuomba kura, nasi twaitii. Lakini wajibu wa mpigaji kura mbele ya Mungu ni ule ule.

Basi mgombea akija, mkaribishe kwa heshima, wa chama chochote awaye. Mwulize amefanya nini, na atafanya nini, na kwa fedha gani. Hayo ndiyo kuingiza mkono guniani. Umetumwa na watoto wako na jirani zako, nao ndio watakaokula ulichochagua.

Mwenyezi Mungu atujalie kuzitimiza amana zetu. Amin.