SUMBA: Tupa, Usibebe Tena



Ukiwa chuo mbali na nyumbani ukasema kwenu ni Sumbawanga, unajua kinachofuata. "Aisee, usije ukaniroga!" Wote wanacheka, na wewe unacheka ili yaishe. Mimi nilifika mahali nikawa nasema natokea Mbeya.

Lakini wazee wetu wa Kifipa hutueleza kuwa jina lenyewe linasema kinyume cha utani huo: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Anayeingia atupe alichobeba. Nimelitafakari sana jina hilo, kwa sababu nilikuwa na mzigo mwingine, na huo haukuwa utani.

Mwaka wa pili chuoni, mama aliuza mahindi ya akiba akanitumia ada. Nikaibetia. Nilianza na elfu kumi, nikawa nafukuzia iliyoliwa mpaka ikaisha yote. Mama nikamwambia nimelipa. Msimu ule nyumbani walikula unga wa mkopo dukani.

Tangu hapo kanisani nilikaa benchi la nyuma. Wenzangu wakienda kukomunika, mimi nainamia simu. Miaka miwili! Shetani ana kauli mbili, ndugu yangu. Kabla ya dhambi anasema, "Ni kitu kidogo tu." Baada ya dhambi anasema, "Hili Mungu hasamehi." Zote mbili ni uongo.

Tuwatazame Yuda na Petro. Wote walimkosea Bwana usiku uleule, na wote walijuta. Yuda alipeleka majuto yake kwa makuhani wakuu, wasiomjali, akabaki peke yake na aibu (Mt 27:3-5). Petro alilia kwa uchungu, lakini aliposikia ni Bwana yuko ufukoni, alijitupa majini amfuate (Yn 21:7). Tofauti yao ni upande waliokimbilia.

Majilio yale nikaenda kuungama, miguu inatetemeka. Padre hakushtuka. Aliniondolea dhambi, akanipa malipizi, akanishauri nimweleze mama ukweli. Hapo ndipo palikuwa pagumu! Nikapanda basi. Nilimkuta mama jikoni anasonga ugali, nikapiga magoti, nikasema yote. Alinyamaza, akalia. Kisha akanipakulia chakula, akasema, "Kesho tunaamka mapema, shamba halijapaliliwa." Nililima naye likizo nzima. Deni la dukani bado nalipunguza kidogo kidogo, lakini sasa nalilipa kama mtoto wa nyumbani, si kama mwizi anayejificha.

Nabii Mika anatuambia kuwa Mungu huzitupa dhambi zetu vilindini mwa bahari (Mik 7:19). Sisi wa Rukwa hatuna bahari, ila tuna Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470. Simama Kasanga utazame maji yale. Kilichozama kule chini nani atakivua? Basi usiwe wewe.

Wewe unabeba nini? Mimba uliyoitoa? Mtoto uliyemkataa? Picha ulizotuma? Usisubiri ujisikie msafi ndipo uende. Wiki hii mtafute padre, uungame. Kama kuna mtu uliyemuumiza, anza kurekebisha.

Tusali: Bwana Yesu, nimechoka kubeba. Nipe ujasiri wa kusema ukweli, na unyenyekevu wa kuupokea msamaha wako. Amina.